UZI: Umeme wa mgongoni na mazoezi ya mikono kwa vijana wenye mtindio wa ubongo. Kuna anayeujua kweli?

#1 Mjomba wa Wete

Asalaam aleikum wanajukwaa. Wasio Waislamu, habari za jioni.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, miaka 15, tunakaa naye hapa Wete. Ana mtindio wa ubongo, umemshika upande wa kushoto wa mwili. Kutembea anatembea, anachechemea kidogo. Skuli yuko kidato cha pili, na hesabu ananishinda mimi. Tatizo ni mkono. Umejikunja kifuani kama bawa la kuku, ngumi imefumba na kidole gumba kimejificha ndani ya ngumi. Akiwa na haraka au ukimuudhi ndo unazidi kujikaza.

Wiki iliyopita mtoto wa ami yangu aliyeko Uingereza katutumia klipu kwa WhatsApp. Kijana kakaa kwenye kiti, kabandikwa vibandiko viwili shingoni kwa nyuma, mbele yake yuko mwanamke anampa vikombe avipange. Maneno yote ya Kiingereza. Nilichokiokota mie ni kuwa wanapitisha umeme mgongoni huku kijana anafanya mazoezi ya mikono, na baada ya muda mkono unafunguka. Dada kaitazama klipu ile mara ishirini. Sitii chumvi, ishirini.

Juzi nilikuwa Unguja kwa shughuli zangu, nikamtajia jamaa mmoja anayeuza vifaa vya spitali. Akasema hiyo mashine anayo. Kanionesha kisanduku, ukubwa wake kama simu, nyaya nne, vibandiko vyeupe. Laki nane na nusu, nikichukua wiki hii saba. Dada yuko tayari kuuza bangili zake. Nimemwambia tungoje niulize watu.

Kitu hiki kipo kweli? Na ndicho kilichomo kwenye kile kisanduku? Kuna mtu hapa Zanzibar kamfanyia mwanawe?

#2 Kijiko cha Urojo

Umeme wa ukutani wenyewe tunauombea dua usikatike, leo tuupeleke mgongoni. Mjomba, siku ukikatika kijana abaki na kikombe hewani?

#3 Mama Pacha

Kijiko, mwenzio anauliza jambo la maana.

Kaka, mwambie dada bangili asiuze. Nakwambia kama mtu aliyekwisha kuuza. Wanangu pacha walizaliwa kabla ya siku zao, mmoja akatoka mzima na mmoja akatoka na mtindio, miguu yote miwili. Nimenunua mafuta ya kukandia kutoka Oman, nimenunua kiti ambacho hakuwahi kukaa hata mara mbili, nimempeleka kwenye kitanda cha kupasha mgongo moto, kila kikao elfu kumi. Mtu ukiambiwa mwanao atasimama unatoa mpaka ya kula. Wale wauzaji wanalijua hilo kabla hujafungua mdomo.

Simwambii asitafute. Atafute, ila bangili zibaki mkononi.

#4 Fizio wa Visiwani

Mjomba, umefanya la maana kuuliza kwanza. Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo, nafanya kazi Unguja, na tangu klipu hizo zianze kuzunguka sipitishi wiki bila kuulizwa swali lako. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Kitu chenyewe kipo. Si uongo, si uchawi. Lakini kisanduku ulichooneshwa, kwa unavyokieleza, ni mashine ya TENS, ya kutuliza maumivu. Ndiyo tunayowawekea wazee wenye magoti na viuno. Mashine ya kawaida ya aina hiyo haifiki hata robo ya bei uliyotajiwa.

Ile ya kwenye klipu lengo lake si maumivu wala si nyama ya mkono. Lengo ni ugwe. Tukisema uti wa mgongo tunachanganya mambo mawili. Uti ni mifupa, ile unayoipapasa kwa vidole, pingili juu ya pingili. Ndani yake umepita ugwe, kama uzi ndani ya tasbihi. Amri ya kufungua ngumi inatoka ubongoni, inashuka kwenye ugwe, inatokea shingoni kwenda mkononi. Na mkono nao unarudisha habari zake: nimeshika moto, nimefumba, nimekunjuka. Habari hizo zinaingilia mizizi ya nyuma ya ugwe. Umeme ule wa shingoni hasa unaiamsha mizizi hiyo ya nyuma.

Kwa hivyo hautoi amri. Umbandike kijana vibandiko kisha akae anatazama mpira, mkono utabaki vilevile. Kinachotafutwa ni ugwe ukae macho, ili ile amri dhaifu inayotoka ubongoni ikifika imkute mtu wa kuisikia. Aliyesinzia ukimwita kwa sauti ya chini hageuki. Akiwa macho, sauti ileile inamtosha. Ndo maana yule mwanamke wa kwenye klipu anampa vikombe. Bila ya vikombe hakuna tiba pale.

Mpwa wako kilichoumia ni ubongo, zamani, tumboni au wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baada yake. Jeraha lile halikui. Ugwe haukukatika, ila umelelewa na amri zilizopinda tangu mtoto mchanga, nao ukajipanga kwa kupinda hivyohivyo. Hapo ndipo wataalamu wanapotia matumaini yao kwa vijana wenye mtindio.

Sasa la kutahadhari. Usimbandike mtu vibandiko vya umeme wowote shingoni kwa mbele au ubavuni, pana mishipa ya damu mikubwa na njia ya pumzi. Akiwa na kifafa, simama, muone daktari kwanza, na watu wenye mtindio karibu mmoja katika wanne ana kifafa. Akiwa na kifaa cha moyo au pampu ya dawa ndani ya mwili, usiguse. Kijana wako ana kifafa?

#5 Mjomba wa Wete

Alikuwa nacho utotoni, miaka sita sasa hakijamrudia. Dawa aliachishwa na daktari.

Wallahi muuzaji hakuniuliza hata umri wake.

#6 Fundi Nyaya

Swali la kiufundi kwa Fizio. Nimezitazama hizo klipu, kuna mtu anataja mtetemo elfu kumi kwa sekunde. TENS ninazozitengeneza mie haziendi huko, zinakwenda chini ya mia mbili. Elfu kumi za nini?

#7 Fizio wa Visiwani

Swali tamu hili. Mashine nyingi za utafiti zina kasi mbili, moja ndani ya nyingine. Mapigo ni kama 30 kwa sekunde, na kila pigo moja lina urefu wa elfu moja ya sekunde. Lakini pigo lenyewe si mkupuo mmoja, limejazwa mawimbi madogo ya kasi ya 10,000 kwa sekunde. Piga hesabu, kila pigo lina mawimbi kumi. Faida yake ni kwa ngozi. Umeme wa nguvu ile ukiupitisha kwa mkupuo, kijana ataruka kwenye kiti. Kwa mawimbi ya kasi ngozi hailalamiki sana, unaweza kuupandisha mpaka uifikie mizizi kule ndani. Wengi husema wanahisi kama sisimizi wanatembea. Baadaye panabaki wekundu kwenye ngozi, unaondoka.

#8 Fundi Nyaya

Basi kama redio ya zamani, wimbi la kubeba na sauti inayobebwa. Nimeelewa. Na nimeelewa vilevile kwa nini kile kisanduku cha laki saba hakiwezi, hata ukisugua vitufe vyake vyote.

#9 Msomaji wa Usiku

Naongezea na kupunguza. Naongezea kwa sababu Fizio hakutaja kazi kubwa iliyofanywa, napunguza kwa sababu nyie watu mnapanda haraka.

Mwaka 2024 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti wa Up-LIFT. Watu wazima 60, waliopooza kwa kuumia ugwe shingoni. Miezi miwili walifanya mazoezi ya mikono peke yake, miezi miwili mingine mazoezi pamoja na umeme wa kwenye ngozi. Asilimia 72 waliongezeka nguvu na pia uwezo wa kufanya kazi kwa mikono. Mmoja alikuwa ameshaumia miaka 34. Desemba ya mwaka huohuo FDA, mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, ikairuhusu mashine yenyewe. Ndo maana klipu zimekuwa nyingi.

Sasa nipunguze. Wale ni watu walioumia shingo ukubwani. Ubongo wao mzima, mkono wao uliwahi kujua kazi kabla ya ajali. Ruhusa ya FDA ni ya hao, si ya kijana wa Wete ambaye mkono wake wa kushoto haujawahi kufungua kifuniko. Halafu utafiti ule haukuwa na kundi la pili la kulinganishia, ambalo watu wanabandikwa vibandiko lakini umeme umezimwa. Kwa watoto na vijana wenye mtindio tafiti zilizokwisha kutoka ni za watu wachache wachache, na nyingi zimeangalia kukaa na kutembea kuliko mikono.

Kwa nini nashikilia hilo la kuzima? Kwa sababu hadithi hii si ya leo. Miaka ya 1970 madaktari Marekani walikuwa wanawatia watu wenye mtindio nyaya za umeme kwenye shingo, kwa upasuaji, chini ya mfupa. Habari za mwanzo zilikuwa asali. Wazazi wanasema mtoto kalegea, anaongea vizuri, analala. Ilipofika miaka ya 1980 likafanywa jaribio la haki, mgonjwa hajui mashine imewashwa au imezimwa na anayempima hajui. Asali ikawa maji. Sisemi hii ya sasa itakwenda hivyo, ni ufundi mwingine, na wakati huu umeme umeoanishwa na mazoezi. Nasema muulizeni kila anayekuuzieni: ikizimwa inakuwaje?

#10 Kijiko cha Urojo

Msomaji, weye ukialikwa harusini unauliza pilau ikizimwa inakuwaje.

#11 Baba Mkoani

Nimesoma mpaka hapa na nimekasirika kidogo, naomba niseme. Kila kikitoka kitu kipya tunaambiwa bado utafiti, bado utafiti. Mwanangu ana 19 sasa. Utafiti ukikamilika atakuwa na wajukuu. Wenzetu Ulaya wanajaribu, sisi tunasubiri ruhusa ya nani? Kama hakiui, mtu ajaribu.

#12 Mama Pacha

Baba Mkoani, hasira zako ni zangu. Lakini "kama hakiui" ndiyo iliyonimalizia pesa mie.

#13 Fizio wa Visiwani

Baba Mkoani, nikujibu kwa heshima zote. Hujaambiwa usubiri. Kuna kitu ambacho hakina haja ya kusubiri, na ndicho nusu ya pili ya ile klipu, isipokuwa hakina nyaya kwa hiyo hakuna anayekituma WhatsApp.

Iona Novak wa Australia na wenzake walizichambua tiba zote za mtindio wakazipa rangi za taa za barabarani, 2013, kisha wakairudia kazi hiyo 2020. Kijani kibichi, yaani endelea nayo: kumfunga mtoto mkono mzima kwa saa kadhaa ili ule mbovu ulazimike kufanya kazi; mazoezi ya mikono miwili kwa pamoja; kufanyia mazoezi jambo lenyewe analolitaka mtoto; na programu ya nyumbani inayosimamiwa. Huko kwenye wekundu kuna kile chumba cha hewa ya oksijeni ambacho watu wanakisafiria mpaka India. Na kule kumnyoosha mtoto tu, yeye kalala unamvuta mkono, kunakochukua muda mwingi kwenye vyumba vyetu vya mazoezi (nakiri na changu kimo), ushahidi wake ni mdogo kuliko tunavyopenda kusema.

Kuna na hesabu ya saa. Kijana akitaka kulipata jambo moja maalumu, mfano kufunga vifungo, anahitaji kama saa 14 hadi 25 za kulifanya jambo hilohilo. Akitaka mkono mzima uboreke kwa jumla, kiasi cha saa 40 na kuendelea. Sasa jiulize sisi tunampa kiasi gani. Nusu saa, mara moja kwa wiki, akiwahi boti. Kwa mwendo huo saa 40 ni mwaka na nusu, na katikati hapo kuna mitihani, Ramadhani, na siku bahari imechafuka.

#14 Shoto

Nimekuwa nasoma kimya siku mbili. Acheni na mie niseme, kwa sababu nyote humu mnawazungumza watu kama mimi na hakuna aliyeuliza.

Nina miaka 34, nina mtindio, mwili mzima. Nilizaliwa mzima, siku ya nne nikapata manjano makali, wakaniweka juani, manjano yakapanda. Mikono yangu haijikunji kama ya mpwa wa Mjomba, ya kwangu inacheza yenyewe. Nina duka dogo Chake Chake, nachapisha barua na kutoa fotokopi. Maneno haya nayaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, huku wa kushoto nimeukalia. Ndiyo, nimeukalia. Nikiuacha unanipiga kofi.

Utoto wangu wote ulikuwa ni kunyooshwa. Babu alikuwa ananishika miguu, mwanamme mwingine ananivuta mikono, nami nalia, na bibi anasema mwacheni alie ndo dawa inaingia. Hakuna dawa iliyoingia. Hakuna aliyewahi kuniuliza unataka mkono ufanye nini. Ningeulizwa ningesema nataka kula urojo mbele za watu bila ya kumwagika. Nilijifunza mwenyewe nikiwa na miaka 20, bakuli zito, kijiko kirefu, kiwiko nakibana mezani.

Mjomba, bila ya klipu, bila ya dada, mpwa wako umemuuliza?

#15 Mjomba wa Wete

Kaka Shoto, umenikamata. Sikumuuliza.

Nimemuuliza jana baada ya isha, tumekaa barazani. Kwanza akasema hataki kitu. Nikanyamaza. Baadaye akasema anataka kufunga msuli mwenyewe, ile nguo ya kuviringisha kiunoni.

Nikamwambia msuli si unafungwa? Akasema unafungwa na babu. Kila Ijumaa anafungwa msuli na babu yake kama mtoto mdogo wa chuo cha Kurani, wadogo zake wanajifunga wao. Akienda msikitini anaushika kwa mkono mmoja njia nzima, anaogopa ukifunguka hatouwahi. Kumbe ndo maana mwaka mzima huu anavaa suruali tu na mama yake anamgombeza.

Nimekaa naye nyumba moja miaka 15.

#16 Fizio wa Visiwani

Hilo ndilo. Umelipata bila ya shilingi. Sasa tulifanye kazi.

Msuli una hatua zake. Mjomba, jifunge wako polepole ujitazame. Unaushika pindo huku na huku, unauvuta mbele, unakunja upande mmoja, unaubana kwa mkono huo, wa pili unaukunja juu yake, kisha unaviringisha kiunoni. Mkono wa kushoto wa kijana hauna haja ya kufanya yote. Unatakiwa ubane tu. Kubana kwa kiganja dhidi ya tumbo kunatosha, vidole visimsumbue kwanza. Aanze amekaa, kwa kitambaa kizito kisichoteleza. Usimkunjie. Akikosa, ukunjuke, aanze tena. Dakika ishirini kwa siku. Utakachokiona mwanzo ni ngumi kufumba zaidi akikazana, hiyo ni kawaida yake, mwambie apumzishe mkono juu ya paja, ahesabu kumi, arudi.

Halafu tafuta kazi ya mikono miwili ambayo inafanyika nyumbani kila siku na ina mwisho unaoonekana. Nyie mko Pemba na msimu umeingia. Nyumbani kwenu hamchambui karafuu?

#17 Bi Konde

Hapo mmenifikia na mie. Wanangu wananiandikia, mimi nasema wao wanabonyeza.

Karafuu mbichi inachambuliwa hivi. Unakaa jamvini na fungu lako mbele. Unachukua kishada, unakishika kikonyo kwa mkono mmoja, kiganja cha mkono wa pili unakiweka wazi, unakisukuma kishada kwenye kiganja kama unayezungusha, karafuu zinadondoka zenyewe. Karafuu huku, makonyo kule. Mwenye kujua hatazami mikono, anatazama mtu anayezungumza naye. Mtoto huyo mkono mzima ndo uzungushe, ule mwingine ushike kikonyo tu. Kikonyo kikimtoka anakiokota, hakuna atakayemcheka, usiku ule kila mtu macho yake yako kwenye pishi yake, kile kipimo cha karafuu.

Ila mwambieni mjomba, vidole vitanuka karafuu mpaka mwezi wa pili.

#18 Fizio wa Visiwani

Bi Konde, shikamoo. Umeeleza mazoezi ya mikono miwili kuliko kitabu nilichosomea.

Mjomba, saa moja na nusu kila usiku kwa usiku 27 ni saa 40 na nusu. Fanya na kipimo. Spitali tuna sanduku lenye kizuizi katikati, mtu anahamisha vipande vya mti upande mmoja kwenda wa pili kwa dakika moja, tunahesabu. Wewe chukua komwe za bao na vikasha viwili vya viatu. Mkono wa kushoto peke yake, sekunde 60, hesabu zilizovuka. Andika tarehe. Pima mara moja kwa wiki, siku moja, saa moja, maana akichoka mkono unakaza na hesabu inakudanganya.

#19 Baba Mkoani

Swali langu kwa nyote. Huyu ni mtoto. Mnamkalisha usiku achambue karafuu kisha mnaita tiba? Hiyo si kazi ya kawaida tu kapewa kijina?

#20 Shoto

Baba Mkoani, watoto wenzake wanachambua na wanapata pesa ya sikukuu. Yeye ndiye anayeambiwa akae ndani asijichoshe. Mie nilikuwa mtoto huyo, nawasikia wenzangu uani wanacheka, mimi niko chumbani natazama dari. Mpeni kishada.

#21 Msomaji wa Usiku

Na alipwe. Tena nakubaliana na Fizio kuhusu kipimo. Hata siku hiyo mashine ya kweli ikifika visiwani, kama hamna karatasi ya komwe kabla ya umeme mtajuaje kilichofanya kazi ni umeme au ni karafuu?

#22 Mjomba wa Wete (wiki sita baadaye)

Asalaam aleikum. Niliahidi kurudi.

Komwe: wiki ya kwanza alihamisha 5. Ya pili 5. Ya tatu 4, alikuwa na mafua na kakasirika akapiga teke kikasha. Ya nne 8. Ya tano 9. Jana 9.

Karafuu: usiku wa mwanzo kila kishada kikimponyoka. Bi Konde alisema kweli, hakuna aliyemtazama. Usiku wa tatu akagundua mwenyewe kuwa akiuweka mkono juu ya goti na kiwiko kimegusa mbavu, ngumi hailipuki. Hakuna aliyemfundisha hilo. Kidole gumba bado kinaingia ndani, lakini sasa anakitoa kwa mkono mwingine kisha anakiwekea kikonyo juu yake, na kikonyo ndicho kinachokizuia kisirudi. Nilikaa nikamtazama dada anavyomtazama. Hakusema neno. Aliinuka akaenda kuchemsha chai.

Msuli: anafunga. Unafunguka. Ijumaa iliyopita ulifika mpaka kwenye ngazi za msikiti, hapo akaushika. Ijumaa hii babu anataka kumfunga, kakataa.

Muuzaji alinipigia tena. Laki tatu na nusu. Nikamwuliza, ikizimwa inakuwaje? Akasema ikizimwa haifanyi kazi, mzee. Bangili ziko mkononi. Klipu dada bado anaitazama, simkatazi, na ndugu yetu wa Uingereza nimemwambia aulize kama yuko mtu huko anayefanya utafiti wa mikono kwa vijana wa umri huu. Akipata jina nitalileta hapa Fizio alisome.

#23 Kijiko cha Urojo

Mashaallah. Mjomba, na mimi mkono wangu wa kulia unajikaza kila mwisho wa mwezi nikitakiwa kulipa deni. Niletee gunia moja la vishada.

#24 Mjomba wa Wete

Huyu si mjomba, ni mpwa wake, yeye anasali. Nimesoma uzi wote. Bawa la kuku si hivyo. Na mjomba hakukuambieni kuwa bibi ananilipa pishi moja bei ileile ya wadogo zangu, na wao wanachambua kwa mikono miwili mizima. Nimechambua pishi tatu jana. Kaka Shoto, fotokopi kwako ni shilingi ngapi, nataka kutoa karatasi za komwe.

#25 Shoto

Kwako mia. Njoo na msuli.